Shamba lililochimbwa moramu: maswali yanayorudi kila siku kuhusu kurudisha udongo na majani, Arusha na Moshi

Shamba letu liko upande wa Oljoro, Arusha, ekari mbili na kidogo. Baba mdogo aliruhusu mkandarasi achukue moramu ya barabara, wakachimba kiangazi kizima, walivyoondoka wakatuachia shimo la kama mita 5 kwenda chini, ukuta umesimama wima na sakafu imekanyagwa na matipa mpaka jembe linadunda. Tangu tuanze kulirudisha watu wananipigia, wananisimamisha njiani, wengine wanakuja kabisa kuangalia, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaweke sehemu moja. Nimeyapa namba ili nisirudie rudie, pale nikisema angalia swali fulani basi nenda kalisome.

## Ya mwanzo kabisa

1. Mi shimo langu ni la kokoto, sio moramu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu karibu yote. Huku kwetu moramu nyingi ni jiwe la volkano lenye matundu matundu, jekundu au jeusi, zao la Mlima Meru na vilima vidogo vinavyouzunguka, ukienda Moshi ni hivyo hivyo kwa Kilimanjaro na vilima vyake. Lina uzuri wake, ukilivunja mizizi inapenya na lina madini ndani. Kokoto ya jiwe gumu la bluu ni kesi nzito zaidi, sakafu yake ni mwamba mtupu na huwezi kuikatua, hapo itabidi uletee udongo kwenye vishimo vishimo tu. Aliyechimbwa mchanga mtoni ana mambo mengine kabisa ya mkondo wa maji na hayo siyagusi hapa.

2. Mbona mvua inanyesha vizuri tu na bado majani hayaoti shimoni?

Kuna vitu vitatu vimeondoka kwa pamoja. Cha kwanza ni udongo mweusi wa juu, ule wa sentimita 15 mpaka 30, ndo wenye mbegu zilizolala, minyoo, na kuvu wanaoshikana na mizizi kuisaidia kunyonya maji na fosforasi. Pili ni nafasi ya hewa: tipa lililojaa likipita mara mia mahali pamoja linabana ardhi mpaka maji hayaingii. Tatu ni maji yenyewe, maana kwenye sakafu iliyobanwa mvua inasimama siku mbili inaota mbu halafu inakauka, au kama kuna mteremko inakimbia yote na inaondoka na kile kivumbi kidogo kilichokuwa kimejikusanya.

Kwa hiyo mbegu ikipeperushwa na upepo ikaangukia pale inachipua kweli, wiki mbili tatu, halafu jua la Januari linaichoma. Nimeliona hilo miaka miwili mfululizo kabla sijaelewa.

3. Nikiliacha tu, si litapona lenyewe?

Jibu la kweli ni inategemea shimo na inategemea mifugo. Tuna mfano wetu wenyewe hapa nchini. Kondoa kule Dodoma ardhi ilikuwa imemomonyoka makorongo matupu, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika. Majani na vichaka vilirudi vyenyewe kwa kiasi ambacho watu hawakutegemea. Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili, ni akili ile ile, unafunga kipande mifugo isiingie na ardhi inapumua.

Lakini angalia tofauti. Kondoa udongo ulibaki kidogo na visiki vilikuwa hai chini ya ardhi. Shimo la moramu visiki vimeshaenda na tipa. Kwa hiyo kwenye shimo, kufunga peke yake kunasaidia pembeni, kwenye kingo ambako udongo bado upo, na pale katikati utasubiri sana, mtoto wako ndo ataona labda. Fanya yote mawili, funga na utengeneze. Habari ya mbuzi iko swali la 17.

4. Nianze na miti au na udongo?

Anza na ukuta, halafu maji, halafu sakafu, halafu udongo, halafu majani, miti mwisho. Najua hakuna anayependa hilo jibu, kila mtu anataka nimtajie mti. Sisi wenyewe masika ya kwanza tulipanda miche 300 ya mgrevilea moja kwa moja kwenye ile sakafu, picha tukapiga, mtendaji akaja, ikafika Agosti ikabaki 11. Kumi na moja! Na hiyo 11 yote ilikuwa kwenye kona moja ambako udongo wa ukingoni ulikuwa umeporomokea chini, yaani shamba lilikuwa linatuambia kabisa shida iko wapi na sisi hatusikii.

5. Inachukua muda gani?

Majani ya kufunika ardhi, masika moja au mbili kama umekatua sakafu na umeweka samadi. Vichaka vya kukata majani ya ng'ombe, mwaka wa tatu. Miti ya kukaa chini yake, mitano mpaka saba. Udongo mweusi kama ule wa zamani hautauona, udongo wa sentimita moja asili inautengeneza kwa miaka mia na zaidi, tunachofanya ni kuusaidia uanze.

## Kama bado hujachimbwa

6. Kuna mtu anataka achukue moramu kwangu, nimwambie nini kabla hajaleta kijiko (mashine ya kuchimbia)?

Hapa ndo penye faida kuliko kurasa zote zinazofuata, kwa hiyo soma taratibu. Andikeni, hata kama ni shemeji yako. Kwenye karatasi mkubaliane: atachimba mwisho kina gani, udongo mweusi utatolewa kwanza na kurundikwa wapi, ukuta ataulaza vipi akimaliza (swali la 9), na siku ngapi za mashine atatoa bure za kusawazisha na kurudishia udongo. Siku za mashine ndo za muhimu kuliko hela. Kijiko kikiwa tayari kipo shambani kwako kazi ya siku mbili ni kitu kidogo kwake, kikishaondoka wewe ukikikodi kutoka mjini na lobedi yake (gari la kukibeba) juu utalia.

Piga picha kabla. Malipo ya mwisho yashikilie mpaka udongo urudi, au kama yeye ndo anakulipa kwa tripu basi mwambie aache dhamana kwa mwenyekiti au kwa mwanasheria. Sisi tulikuwa na ahadi ya mdomo, "tutakusawazishia mzee usijali", simu yake haipatikani mpaka leo.

Na hesabu vizuri. Moramu unauza mara moja. Shamba la mahindi na ngwara unavuna kila mwaka. Sikuambii usiuze, sisi hiyo hela ilisomesha, nasema hesabu.

7. Udongo mweusi nikishautenga nauhifadhi vipi?

Rundika pembeni, mahali matipa hayapiti na maji hayapiti, na lisizidi mita 1.5 mpaka 2 kwenda juu. Ukilifanya mlima, katikati hewa inakosekana na viumbe hai wanakufa, unabaki na vumbi jeusi. Usiuchanganye na udongo wa chini yake ule mwekundu, kila mmoja na rundo lake. Kama utakaa zaidi ya miezi michache otesha kitu juu yake, ngwara au marejea (zote jamii ya kunde) au hata majani ya kawaida, ushikwe usipeperushwe. Na uulinde maana udongo mweusi ni biashara, wauza maua mjini wanautafuta, unaweza kuamka ukakuta nusu imeenda na Kirikuu.

8. Kisheria nani anatakiwa kurudisha ardhi, mi au mchimbaji?

Kwanza ujue madini yote, na haya ya ujenzi yamo, ni mali ya Jamhuri. Wewe una haki ya ardhi ya juu. Anayechimba anatakiwa awe na leseni kutoka Tume ya Madini, na kwa wachimbaji wadogo ni leseni ya miaka 7 ambayo ni ya Watanzania tu, na lazima apate ridhaa yako mwenye ardhi. Leseni inaenda na mpango wa kulinda mazingira, na kurudisha eneo ni sehemu ya mpango huo. Juu yake kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, aliyeharibu anaweza kupewa amri ya kurejesha kwa gharama zake. Mikataba ya barabara nayo kwa kawaida ina kipengele cha kurudisha mashimo.

Sasa mtaani. Ukimruhusu mtu asiye na leseni achimbe usiku, kesho huna wa kumdai, na wewe unaweza kuulizwa pia. Kama aliyechimba ana leseni, nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri ukiwa na picha za kabla na baada, namba ya leseni, na karatasi yenu. Nimeona inafanya kazi kwa jirani, kwetu haikufanya kwa sababu hatukuwa na karatasi hata moja.

## Ukuta, sakafu na maji

9. Ukuta umesimama wima, niuache?

Hapana hapana. Moramu ni jiwe lenye matundu, mvua ikilijaza linakuwa zito na linameguka bila taarifa. Aprili 2013 pale Moshono, katikati ya masika, ukuta wa machimbo uliporomoka ukaua watu zaidi ya 10, Arusha yote inakumbuka. Na sio wachimbaji tu, watoto wanachezea chini ya kuta hizi, mbuzi wanapumzika kwenye kivuli chake.

Kipimo kinachofaa ni moja kwa tatu, yaani kila mita moja ya kwenda juu unalaza mita tatu. Ukuta wa mita 5 unahitaji mita 15 za mlalo. Wengi wanashtuka hapa kwa sababu mita 15 zinaingia kwa jirani. Kama nafasi haipo, nenda moja kwa mbili lakini weka ngazi ngazi, kila mita mbili za kwenda juu acha ngazi ya mita moja na nusu, na kila ngazi ipandwe vetiva (majani ya mizizi mirefu, swali la 16). Kumega juu kwa kijiko ni salama zaidi. Kutoboa chini kwa sururu ili juu iporomoke yenyewe, hiyo usijaribu na usimwache kibarua ajaribu.

10. Nitajuaje sakafu imebanwa kiasi gani?

Chukua nondo ya milimita 10, siku moja baada ya mvua, isukume kwa mkono. Ikigoma kabla ya sentimita 20 hapo pamebanwa. Kingine, chimba kishimo cha futi moja jaza maji jioni, kesho jioni ukikuta bado yapo basi mizizi ya mti itaoza au itazunguka hapo hapo kama iko kwenye ndoo.

Dawa ni kukatua kwa kina cha sentimita 50 au zaidi, katapila lenye meno nyuma, au trekta lenye sabsoila (jino refu la kupasua ardhi chini) kama moramu sio ngumu sana. Katua wakati pakavu, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, maana ukikatua pakiwa na unyevu meno yanapita kama kisu kwenye sabuni na hakuna kinachopasuka. Pitisha kukinga mteremko. Ukishakatua usiruhusu gari liingie tena, hata Noah, hata "naingia mara moja tu nishushe samadi".

Kama hela ya mashine hakuna, katua mistari tu kwa sururu, mstari kila mita tatu, upana wa sentimita 60. Sisi nusu ya shamba tulifanya hivyo na vibarua wanne, walitutukana kimoyomoyo lakini iliwezekana.

11. Maji ya mvua niyafanyeje?

Mvua ya milimita 50 usiku mmoja, na masika yetu huo usiku upo, kwenye ekari moja ni lita zaidi ya 200,000. Ukiyaacha yanachimba korongo, ukiyashika ni mali.

Juu ya ukingo weka mtaro wa kukinga maji ya nje yasimwagikie shimoni. Wazee wa Kichaga waliweza kuzungusha mfongo (mfereji wa maji) mlimani kilomita na kilomita bila vifaa vya kisasa, sisi mtaro wa mita 60 usitushinde. Ndani tumia fanya juu, unachimba mtaro kwenye kontua (mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko) na udongo unautupa upande wa juu, au matuta ya nusu mwezi yanayoangalia juu kwenye mteremko, kila moja upana wa mita mbili mpaka tatu, na mmea unakaa ndani ya kitumbo. Kontua unaipata kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na jiwe linaning'inia kwenye kamba, fundi seremala yeyote anakutengenezea.

## Udongo

12. Udongo mweusi walishauza wote. Ninunue?

Piga hesabu kwanza. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukitaka sentimita 15 tu kote, ni zaidi ya mita za ujazo 600, tipa la mita 10 litapiga tripu 60. Na huo udongo umetoka wapi? Umetoka shamba la mtu mwingine ambaye sasa ana shida kama yako. Mi siungi mkono.

Tafuta udongo wa kuanzishia tu, uweke kwenye mashimo ya kupandia na kwenye mistari uliyokatua. Na jambo dogo lililotusaidia kuliko tulivyotegemea: tulichukua udongo kidogo chini ya kichaka cha zamani kilichobaki mpakani, ndoo chache, tukaweka konzi moja moja kila shimo la mche. Wale kuvu wa swali la 2 wanaingia kwa njia hiyo. Usiende kuchota msitu wa hifadhi lakini, utakamatwa.

13. Samadi kiasi gani, na maganda ya kahawa yanafaa?

Shimo la mche la sentimita 60 kila upande, debe moja mpaka mawili ya samadi iliyooza, changanya na kifusi kilichotoka hapo hapo. Kwenye mistari ya majani mwaga inene kama vidole viwili. Samadi mbichi inaunguza, ya kuku ndo zaidi, iache miezi miwili mitatu kwenye rundo lililofunikwa.

Moshi mna bahati ya maganda. Maganda ya kahawa kwenye viwanda vya kukoboa, ya mpunga kule Mabogini na Chekereni. Yanafaa sana kulainisha kifusi na kushika maji, ila yakiwa mabichi usiyachimbie ndani peke yake, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote na mmea unakuwa wa njano. Changanya na samadi uoze kwanza, au yatandaze juu tu kama matandazo. Mgomba uliokwisha kuzaa, upasue utandaze, hakuna kitu kinashika unyevu kama kile.

14. Nikimwaga mbolea ya dukani, DAP au Minjingu, si itakuwa haraka?

Haraka ya wiki tatu. Kifusi hakina kitu cha kushikilia mbolea, mvua moja imeshuka nayo chini. Dukani nenda baadaye, kidogo kidogo, ukishaona matandazo yanaoza. Kuhusu Minjingu, mwamba wake wa fosfati unayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kwa hiyo ukanda wa juu wa kahawa unaweza kuona faida, huku chini tambarare kwenye magadi magadi unakaa tu kama mchanga.

15. Lazima nipime maabara?

Ukiweza ndio, chukua udongo sehemu 10 mpaka 15, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, anza kwa kuwauliza TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Arusha. Ukishindwa fanya cha bibi yangu: makopo mawili, moja kifusi chako, lingine udongo wa shamba zuri, panda maharage matano kila moja na mwagia sawa. Baada ya wiki nne utaona tofauti, halafu kopo la tatu kifusi na samadi. Bei yake ni maharage 15.

## Mimea

16. Haya sasa, nipande nini?

Kama umeruka moja kwa moja hapa rudi swali la 4. Kama umesoma, twende.

Cha kwanza ni vya kufunika: ngwara, marejea, mbaazi. Vyote vinatengeneza naitrojeni mizizini na ngwara inavumilia ukame vibaya mno, mwaka wa kwanza usivune majani, yalaze chini. Pamoja navyo panda majani ya kudumu. Kwenye ngazi za ukuta ni vetiva, mizizi inaenda chini mita mbili tatu, panda vishina sentimita 10 mpaka 15 vikaribiane, mstari usikatike. Sehemu zenye udongo wa kutosha weka mabingobingo, au gwatemala kwa wa Moshi wa juu ambako mvua ni nyingi, hapo unapata na chakula cha ng'ombe. Huku kwetu pakavu nyasi za kienyeji za pembeni ndo mabingwa, kusanya mbegu zake Juni, hazinunuliwi.

Mwaka wa pili vichaka: mlusina na msesbania huku chini, kaliandra ukanda wa juu. Mlusina ukate kabla haujabeba mbegu, la sivyo utakuta wenyewe ndo mwenye shamba. Halafu miti ya kwetu, mgunga sehemu kame, mgunga wa njano pale chini panaposhika unyevu, mringaringa na mruka kuanzia ukanda wa kahawa. Mgrevilea sio mbaya ila uwe wa mwisho, na mpakani weka masale maana jirani atauheshimu kuliko waya. Mbegu za mgunga na mlusina ni ngumu, chemsha maji, yatoe jikoni, mwagia, ziache usiku kucha. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari inaingia miche kama 450, usijaze zaidi ya hapo sehemu kavu. Panda masika yakishakolea, sio mvua ya kwanza ya kudanganya ya Machi.

17. Mbuzi wa majirani wanamaliza kila kitu, nifanyeje?

Hili ndo swali ninaloulizwa kwa hasira kuliko yote. Waya ni ghali na unaibiwa. Tulichofanya ni matawi ya mgunga yenye miiba kuzunguka, kama boma, halafu tukaongea na wazee wa upande wa pili kabla ya kupanda. Kuongea kabla, sio baada ya kumshika mbuzi. Tukakubaliana miaka mitatu hakuna kuingia, ila majani ya kukata wanaruhusiwa kuja kubeba kichwani wakati wa kiangazi, na alalili wanaijua kuliko sisi kwa hiyo hakuna aliyehitaji somo. Mbuzi waliingia mara mbili tu, na mara moja walikuwa wa baba mdogo mwenyewe.

18. Naweza kupanda parachichi moja kwa moja? Linalipa.

Najua linalipa. Ila parachichi halipendi miguu yenye maji, mizizi yake ni ya juu juu na inaozeshwa na ugonjwa pale maji yanaposimama, na sakafu ya shimo ndo mahali maji yanasimama. Utalipanda, litachangamka mwaka mzima, mvua kubwa ya mwaka wa pili majani yanaanza kukauka kutoka nchani na kuliponya ni shida. Kama nia ipo, lipande kwenye mteremko uliolazwa, juu ya tuta, baada ya miaka mitatu minne ya ngwara na samadi. Sakafuni acha majani ya ng'ombe, na mizinga ya nyuki migunga ikianza kutoa maua.

19. Mikaratusi inakua haraka, kwa nini hujaitaja?

Inakua, na ukitaka nguzo utapata. Lakini chini yake hakioti kitu, na tunachotafuta hapa ni ardhi kufunikwa. Ukitaka mti wa haraka kwenye mahali pagumu fikiria mvinje, huo una vijidudu mizizini vinavyoupa naitrojeni. Machimbo ya kiwanda cha saruji pale Bamburi, Mombasa, mtaalamu Mswisi René Haller alianza kazi 1971 kwenye matumbawe matupu, akajaribu aina 26 za miti zikavumilia 3 tu, mvinje mmojawapo. Majani yake makavu yalirundikana hayaozi mpaka walipoleta majongoo wakayatafuna, ndo udongo ukaanza. Kwa hiyo ukiona jongoo shambani kwako usimkanyage.

20. Kuna majani yenye maua meupe madogo yamejaa shimoni, ni mazuri?

Kama jani limechanika kama la karoti, hilo ni gugu karoti. Linawasha ngozi, linabana kifua, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na linapenda mahali palipochimbuliwa kama kwako. Linasafiri na matairi na moramu yenyewe. Ling'oe kabla halijatoa maua, vaa glavu na mikono mirefu, mizizi yote, usilichanganye na mboji. Rudia kila mvua.

## Kesi ngumu ngumu

21. Shimo langu linashika maji mwaka mzima. Nifuge samaki au ninyweshee ng'ombe?

Anza na usalama, upande mmoja uwe na mteremko wa kutembea ili mtoto au ndama akitumbukia atoke, na kingo zizungushiwe. Maji ya kuzunguka Meru mengi yana floraidi juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, meno ya kahawia ya huku kila mtu ameyaona, na maji ya shimo yakikaa yanapungua kwa jua floraidi inabaki. Kunywa usinywe mpaka yapimwe. Miti unaweza kumwagilia. Perege wanakula viluwiluwi vya mbu, hiyo faida ipo.

22. Watu wamegeuza shimo dampo, sasa?

Toa plastiki, betri na vioo kwanza, kabla ya kufukia. Ukifukia juu ya taka ardhi itatitia na mizizi itafika kwenye uchafu. Chakula usipande pale, panda miti ya kuni na majani ya kufunika. Na weka kizuizi njia ya magari, taka hazitembei zenyewe.

23. Nikijaza kifusi naweza kujenga?

Kifusi kilichomwagwa kinatitia miaka mingi, kuta zinapasuka. Nyumba iweke kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, mbali na ukingo, na ukilazimika mwite mhandisi apime ardhi. Banda la kuku sawa.

24. Upande mmoja wanachimba bado, nisubiri wamalize?

Usisubiri. Anza upande waliomaliza, na udongo mweusi wanaoufungua leo wa sehemu mpya upelekwe moja kwa moja sehemu ya zamani bila kurundikwa, ukiwa mbichi na mbegu zake. Hiyo ni bora kuliko rundo lolote la swali la 7, na tipa lipo pale pale, lita chache za dizeli. Mwambie msimamizi asubuhi kabla hawajaanza, mchana ameshachoka.

25. Shimo ni la kijiji, kila mtu analitumia na hakuna mwenyewe.

Hili lipeleke mkutano mkuu wa kijiji, sio kwa mwenyekiti peke yake, na liandikwe kwenye muhtasari: kipande kipi kinafungwa, miaka mingapi, nani anakata majani na faini ni nini. Anzeni na robo eka hivi pembeni ya barabara, ambako watu wanapita wanaona. Pale kwetu kipande cha kijiji kilianza hivyo masika iliyopita, sasa hivi kina ngwara imepanda mpaka kwenye ukuta, na wale waliopinga ndo wanauliza lini tunakata majani.